Hapo Filamu Haisemi

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka juzi, masika yakiwa yanakatika, mtafsiri wetu alipoteza sauti. Alikuwa katikati ya filamu. Mfalme anatoa amri, meli za angani zinageuka, mdomo wa mtafsiri ukafunguka na hakikutoka kitu. Tulidhani ni spika. Mwenye banda akainuka kutikisa waya. Yeye akaiweka maiki juu ya meza, taratibu, akanyoosha kidole kwenye koo lake.

Hospitali walisema ni uvimbe. Aliishi bila sauti mpaka Februari ya mwaka huu, akafariki nyumbani kwa dada yake, Lemara.

Siku ya mazishi mchungaji alisoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa wasifu mzuri, na hakuna kilichosemwa mle ambacho si kweli, lakini nilisikiliza mpaka mwisho na sikumwona yeye. Ndiyo sababu naandika haya. Elimu yangu ni darasa la saba. Nilikuwa nauza chai na maandazi mlangoni pa banda la video la Elerai miaka yote aliyotafsiri pale, kwa hiyo nitasema niliyoyaona na kuyasikia kutoka mlangoni. Jina lake sitaliandika, maana hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mtafsiri. Hata dada yake, mbele yetu, alimwita hivyo.

Siku hizi filamu zinakuja kwenye flashi zikiwa zimekwisha kutafsiriwa na watu wa Dar es Salaam. Banda letu liling'ang'ania mtu wake. Alikaa pembeni ya televisheni juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, rimoti mkono wa kushoto, maiki mkono wa kulia, amevaa sweta la buluu alilopewa na mgeni mmoja mlimani. Kiti cha kuegemea alikikataa. Alisema mtu akiegemea, sauti nayo inaegemea.

Kiingereza chake alikipata mlimani. Kabla goti halijaharibika alikuwa mpagazi wa Mlima Meru, akibeba mizigo ya watalii, na alijua vizuri sana maneno ya hema, chakula, mvua, baridi na kuumwa kichwa. Mapenzi na siasa alikisia. Kwa hiyo kwenye filamu zake majeshi yalipumzika kambini, yakapewa supu ya karoti, na jemadari aliwauliza askari wake kama wamekunywa maji ya kutosha. Mara moja adui mkubwa alimkaba shujaa shingoni na kumwambia kwa ukali, "Usipande haraka, utaumwa kichwa." Watu walipiga makofi. Ilionekana ni tishio zito.

Filamu iliyolijaza banda kuliko zote ilikuwa ile ya nyota. Ilikuja kwa sehemu, sehemu ya kwanza, halafu ya pili. Majina ya wale watu yalikuwa magumu, naye akayatupa siku ya kwanza. "Tutawaita Binti, Kaka, Mama na Mfalme," alisema. "Wengine watakufa mapema, tusijisumbue." Kisa chenyewe ni hiki: Mfalme ana silaha ya kuzima nyota. Anazima jua la kwao Binti na Kaka, sayari yao inaganda. Watu wanakimbia kwa meli za angani. Mama anakataa kuondoka kwake. Binti anakuwa rubani, Kaka anapigana, na mwisho wa sehemu ya kwanza Kaka anaanguka na meli yake ndani ya jua lingine, linalowaka. Tuliona kwa macho yetu akiungua. Sehemu ya pili inaanza, Kaka yupo. Ana ndevu. Wenzake wanamkumbatia, vita inaendelea.

Sasa, banda letu lilikuwa na utaratibu wake. Mtu akiona jambo lisilo na akili kwenye filamu alipiga kelele, "Imetoboka!" Mtafsiri alilazimika kusimamisha. Mjadala ulianza, kila mwenye hoja anasema, na Mtafsiri mwenyewe anasikiliza kwanza. Halafu aligonga maiki kwa kidole, mara mbili, tap tap kwenye spika, maana yake mjadala umefungwa, akatoa jibu. Jibu hilo tuliliita kiraka. Akishaweka kiraka hakuna anayeruhusiwa kufungua tena siku hiyo.

Filamu ya nyota ilikuwa imetoboka kila mahali.

Msichana mmoja anayeitwa Happy, aliyekuwa anasomea uuguzi, alianza na sauti. "Imetoboka! Huko juu hakuna hewa. Sisi shuleni tulifundishwa sauti haipiti pasipo hewa. Huo mlipuko tunausikiaje?"

"Wewe umeusikia?" Mtafsiri akauliza.

"Nimeusikia ndiyo."

"Basi ulipita."

Banda likacheka. Happy hakukubali, akasimama kabisa. "Usinijibu kama unamjibu mtoto, Mtafsiri. Jibu swali."

Akagonga maiki mara mbili. "Kule juu kulikuwa kimya kabisa. Hii sauti ni ya spika mpya ya mwenye banda. Ameinunua juzi, muacheni naye afurahi."

Mbishi mkubwa zaidi alikuwa mzee mmoja wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, aliyeleta maziwa mjini asubuhi na kungojea madumu yake yarudi. Tulimwita Mzee wa Maziwa. Hakujali hewa wala mafuta ya meli. Siku ya kwanza kuiona ile sayari ikiganda alipiga fimbo chini.

"Ero, kijana! Simamisha hapo. Imetoboka."

"Wapi, mzee wangu?"

"Watu wamepanda, nimewaona. Watoto wamepanda. Yule mnene na mizigo yake amepanda. Ng'ombe wako wapi?"

Mtu wa nyuma akasema, "Mzee, hawa ni watu wa angani, hawafugi."

"Asubuhi walikuwa wanakunywa nini kwenye vikombe? Nyeupe ile?"

Kweli walikuwa wamekunywa kitu cheupe. Mjadala ule ulikuwa mrefu mpaka chai yangu ikaisha kwenye chupa. Wengine walisema ni maziwa ya unga. Mzee akauliza unga huo unatoka kwa mnyama gani. Hatimaye Mtafsiri aligonga maiki. "Meli ya kwanza kabisa kuondoka ilikuwa ya mifugo," alisema, bila kucheka. "Waliipakia alfajiri. Sisi tulichelewa kufika, hatukuonyeshwa."

Mzee wa Maziwa akakaa. "Hapo sawa," akasema. "Hao ni watu."

Toka siku hiyo, kila filamu ile ilipoonyeshwa, ile meli ya mifugo ilitajwa, na asipoitaja watu waliidai. Vijana waliokuwa wameiona kwingine, Njiro huko kwenye televisheni kubwa, walikuja wakabisha kwamba maneno hayo hayamo. Walizomewa wakanyamaza.

Kwa hiyo ungeweza kusema alikuwa mwongo. Wapo waliosema. Lakini nimemfahamu miaka mingi na sijawahi kumkuta na uongo nje ya lile banda. Mji huu mzima, ukimpigia mtu simu anakuambia yuko njiani. Yeye ukimpigia alisema, "Bado niko kitandani." Mwenye banda alikuwa akimsihi, "Sema basi unavaa viatu." Anajibu, "Sijavaa." Ukimuuliza maandazi ya leo yakoje, ilikuwa lazima ujiandae. Niliwahi kumuuliza asubuhi moja niliyokuwa na huzuni, nikitaka tu neno zuri. Alitafuna, akafikiri. "Ya jana yalikuwa mazuri, Mama Nuru," akasema. Nilikasirika mpaka jioni, lakini siku aliyoyasifu nilijua ni kweli.

Nje ya banda hakuwa msemaji pia. Alikunywa chai yangu ya tangawizi kabla ya kuanza, amesimama, akichovya andazi upande mmoja tu, na angeweza kumaliza kikombe bila kusema zaidi ya shikamoo ya mtu anayepita na marahaba yake. Kanisani aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya wazee, lakini walipomwomba asome somo alikataa kila mwaka. Nilimuuliza kwa nini, mtu wa maiki kama yeye. Alisema, "Pale nikikwama siruhusiwi kuweka kiraka."

Alikuwa na msemo wake mmoja. Alinipa siku nilipomuuliza anajisikiaje kuwaongezea watu mambo ambayo hayapo. "Nyota nitakuongezea kadiri unavyotaka," alisema. "Watu siwaongezi." Sikuelewa. Nilielewa mama yangu alipokuja.

Inabidi nieleze kwetu. Mama anaishi juu, kwenye miteremko ya Meru, kwenye kahawa na migomba ya marehemu baba. Alizaa wawili, kaka yangu Anaeli na mimi. Anaeli aliondoka na malori yaendayo Kongo, utingo. Alipiga simu kutoka mpakani, akaomba tumsalimie mama, na baada ya hapo hatukumsikia tena. Dereva aliyeondoka naye alirudi na maneno mawili tofauti kwa watu wawili tofauti. Ni miaka mingi sasa. Nuru, binti yangu, hamkumbuki mjomba wake.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, penye migomba. Mwili usipopatikana, na miaka ikishapita, wazee wanaweza kukata shina la mgomba, likafungwa shuka, likazikwa badala yake kwa sala na kilio kama mtu. Hapo watu wanamaliza msiba na kuendelea. Baba mdogo, mdogo wake baba, alitaka tufanye hivyo. Mama alikataa kila alipoambiwa. Mimi, nikisema ukweli, nilikuwa upande wa baba mdogo. Sikuwa na hakika kwamba kaka amekufa. Nilikuwa nimechoka kuona mama akisimama kila mbwa anapobweka.

Nuru ndiye aliyemwambia bibi yake kwamba mjini kuna filamu ambayo mtu aliyepotea anarudi. Mama, ambaye hajawahi kuingia banda la video maisha yake yote, alishuka Jumamosi mchana na kitenge chake cha kanisani. Nilimweka benchi la mbele. Mtafsiri aliinuka kwenye kreti akamwamkia. Alikuwa anajua habari za Anaeli, nilishamwambia kwenye chai, zamani.

Lile tundu la Kaka kurudi kutoka ndani ya jua ndilo alilopenda kuliko yote, na ndilo pekee ambalo kiraka chake kilibadilika kila mara. Siku moja lile jua lilikuwa limeanza kupoa. Siku nyingine Kaka alidakwa na kamba. Watu walikuja kusikia leo atasema nini. Kwa hiyo Kaka alipotokea na ndevu zake, banda zima lilipiga kelele kwa furaha, "Imetoboka!" Filamu ikasimama. Na kabla mtu yeyote hajaanza kubisha, mama yangu akanyoosha mkono, kama kwenye mkutano wa kijiji.

"Naomba kuuliza," akasema. "Alikuwa wapi?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Walidhani bibi ameushika mchezo. Mtafsiri hakucheka. Alimwangalia mama, akageuka kuniangalia mimi mlangoni na birika langu, akamrudia mama. Kidole kilikuwa tayari juu ya maiki. Akakiondoa. Akaishusha maiki kwenye goti akasema kwa sauti yake tupu, ambayo wengi pale hawakuwahi kuisikia.

"Mama, hapo filamu haisemi. Na mimi sijui."

"Weka kiraka!" mtu akapaza sauti.

"Siweki."

"Jamani, kamba! Sema ile ya kamba!"

"Siweki leo."

Mwenye banda akasimama. "Mtafsiri, watu wametoa hela zao hapa, unafanya nini?"

Mtafsiri alikuwa anamngojea mama. Mama alikaa kidogo na mkono wake bado uko nusu hewani, halafu akaushusha mapajani. "Asante, mwanangu," akasema. "Endelea."

Njiani kurudi mama ndiye aliyesema. Kwamba dereva alimwambia anajua. Mganga wa kule bondeni alimwambia anajua. Baba mdogo anajua, jirani wa chini anajua aliyemwona Lubumbashi, na kila mmoja kwa upendo wake amempa mahali tofauti. "Huyu wa kwenu ndiye wa kwanza kusema hajui," akasema. "Nimepumzika."

Baada ya hapo mama alishuka mara kwa mara, si kwa ajili ya filamu. Alimletea Mtafsiri ndizi na parachichi. Walikaa kwenye benchi langu la chai bila kuzungumza jambo lolote la maana, mvua, goti, bei ya kahawa, na nilikuwa naona wivu kidogo kwa jinsi walivyotulia.

Baba mdogo alilisikia hilo akaona njia. Alikuja banda asubuhi moja, kofia mkononi, mtu wa heshima zake. Aliongea mbele yangu bila kujificha.

"Mtafsiri, shemeji yangu anakusikiliza wewe. Hiyo filamu ikionyeshwa tena, wewe si unaongezaga maneno?"

"Naongeza."

"Basi ongeza moja. Sema yule aliyerudi si mtu, ni kivuli chake. Kwamba mwenyewe alikufa siku ile ile. Akisikia hivyo atakubali tuzike, naye alale. Nakuomba kama ndugu. Anateseka."

Mtafsiri alimaliza andazi lake lote kwanza. "Mzee, ng'ombe niliwaongeza," akasema. "Merikebu za ng'ombe hata kumi nitakuongezea. Lakini huyo mtoto ana mama yake."

"Kwa hiyo unaona ni vizuri angoje mpaka afe?"

"Sijui kama ni vizuri."

Baba mdogo akavaa kofia. "Wewe hujui kitu."

"Ndivyo nilivyomwambia yeye," Mtafsiri akasema.

Nilikasirika naye siku ile kuliko siku ya maandazi. Niliona ni rahisi kwa mtu asiye na mtoto kukataa. Nilimwambia hivyo. Akakubali kwamba ni rahisi. Ukiwa na hasira na mtu kama huyo huna pa kuishikia.

Halafu ikaja ile Jumanne ya sauti. Banda lilijaribu kijana mwingine, akashindwa, wakaanza kutumia flashi. Mjadala ukafa, maana flashi haigongi maiki. Mzee wa Maziwa aliikuta filamu ya nyota bila meli ya mifugo akatoka nje, akakaa kwenye benchi langu. "Wamewaacha wafe," aliniambia. Hakurudi tena kutazama.

Tulikuwa tunamtembelea Mtafsiri Lemara, mama na mimi. Alipungua, sweta likabaki kubwa. Alijibu kwa mikono na macho. Maandishi aliyakataa, dada yake alimnunulia daftari akalitumia kuwekea kikombe.

Desemba iliyopita ilitoka sehemu ya tatu ya filamu ile, ya mwisho. Wakati huo mama alikuwa amechoka. Baba mdogo alimwendea tena, akiwa na maneno ya upole, na mama akasema sawa, Jumamosi njooni mkate huo mgomba. Alinipigia simu kuniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali sindano. Nilijiambia afadhali. Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo alitaka kwanza kwenda Lemara, na Nuru alikuwa amenitilia ile sehemu ya tatu kwenye flashi.

Tuliiweka mchana, kwenye televisheni ya dada yake, Mtafsiri amelala kwenye kochi. Haikuwa na tafsiri. Mama akauliza, "Sasa nani atasema?" Mtafsiri akaninyooshea rimoti.

Nilitafsiri mimi. Nilifanya vibaya sana. Kwa Kiingereza nilijua maneno ya biashara na ya Biblia tu, kwa hiyo Mfalme alitishia watu kwa hasara na maangamizi. Mtafsiri alitikiswa na kicheko kisicho na sauti mpaka dada yake akaja kuona kama anakohoa. Nilipopotea kabisa alinionyesha kwa mikono, hawa wanaondoka, huyu amedanganya, huyu ana baridi. Tukafika mwisho. Mfalme ameanguka. Kaka anarudi kwenye ile sayari iliyoganda, anatembea kwenye barafu, anafika kwenye nyumba moja yenye moshi. Anagonga. Mama yake anafungua. Amezeeka. Anamwangalia tu. Anamwekea kiti, anamwekea bakuli, Kaka anakula. Majina yakaanza kupanda.

"Imetoboka!" nilisema. Sikujizuia, ilikuwa ni mazoea. "Miaka yote hiyo! Filamu tatu! Hata hamuulizi alikuwa wapi?"

"Haijatoboka," mama akasema.

"Mama, imetoboka. Ndiyo swali lenyewe. Wewe mwenyewe uliuliza, mbele ya banda zima."

"Niliuliza kwa sababu sikuwa mama yake."

"Mtu anaingia mlangoni baada ya kudhaniwa amekufa, unamwekea bakuli?"

"Sasa unataka afanye nini? Mtoto ametoka kwenye barafu. Ana njaa. Utamhoji na njaa?" Alikuwa amepandisha sauti, mama yangu, ambaye hapandishi sauti. "Atakula kwanza. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, amekula."

Niligeuka kwa Mtafsiri, nikingojea agonge mahali, ukuta, kochi, chochote, ili tujue nani ameshinda. Hakugonga. Aliangalia mikono yake. Mjadala ukabaki wazi hivyo, tukanywa chai, tukaondoka.

Jumamosi nilipanda kwa mama mapema. Baba mdogo alifika na panga lililonolewa na shuka jipya jeupe kwenye mfuko. Wazee wengine na mwinjilisti walikuwa waje mchana. Mama alimkaribisha ndani, akampa maji ya kunawa, akampakulia ndizi.

"Shemeji, tufanye kazi kwanza," baba mdogo akasema.

"Kula kwanza."

Akala. Mama alikaa mbele yake akimtazama anavyokula, na alipokaribia kumaliza akasema, "Sitaki tena."

"Shemeji. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na nimebadilika. Akirudi itabidi nimpitishe kwenye kaburi lake kabla hajala. Siwezi."

Baba mdogo aliweka bakuli chini. Hakuwa na hasira. Nilimwona usoni kwamba kwake pia kaka yangu alikuwa mtoto. "Na asiporudi?"

"Hapo sisemi," mama akasema. "Sijui."

Baba mdogo akatoka na panga lake kwenda migombani, nami nikadhani ameamua peke yake. Alikata majani makavu na vikonyo vya kulisha ng'ombe wa mama, mzigo mkubwa, akauweka penye zizi. Halafu akapiga simu kwa wale wazee kuwaambia wasije. Shuka aliliacha mezani. Mama amelitandika kitandani kwake.

Mimi sijui hata leo kama ilikuwa sawa. Anasimama bado mbwa wakibweka. Ila sasa anarudi kukaa.

Nilikwenda Lemara kesho yake baada ya ibada kumweleza Mtafsiri. Hakuwa na nguvu ya kukaa kochini tena, alikuwa chumbani, kitanda cha mbao kimesogezwa karibu na ukuta. Nilimsimulia yote kama yalivyokuwa, bila kuongeza, kwa sababu angejua. Nilipofika pale baba mdogo alipouliza, "Na asiporudi?", alinyanyua mkono wa kushoto, ule wa rimoti, akanisimamisha. Alifumba macho kidogo. Halafu akanipa ishara niendelee.

"Mama akasema, hapo sisemi. Sijui."

Mdomo wake ulijaribu kitu, ukaacha. Akanyoosha mkono wa kulia, akatafuta ubao wa kitanda kwa vidole, na alipoupata akagonga mara mbili.

Dada yake jikoni akaitikia, "Karibu!" Tukasikia akiweka mwiko chini, akapita ukumbini akipangusa mikono, akaenda kufungua mlango.